Blanketi la Nyanya



Ndugu zangu vijana, na wazazi mnaosoma pamoja nasi, nilipoombwa nizungumze wengi walidhani nitaeleza masharti ya saumu. Hayo masheikh wetu wanayajua kuniliko. Mimi nina habari ya blanketi la viraka, na tafadhali usicheke kwanza.

Mama yangu ni fundi cherehani hapa Kisii mjini. Anashona barazani, zaidi yunifomu za shule. Ramadhani iliyopita chuo kilikuwa kimefungwa, nami nikawa nyumbani. Nyanya yangu anaishi upande wa Nyamira, na wewe unayekaa huku unaijua baridi yetu ya wakati wa daku. Chini ya meza ya mama kulikuwa na gunia la vipande vya vitambaa. Nikanuia: nitamshonea nyanya blanketi, nimpelekee siku ya Idd.

Rafiki zangu wawili walinicheka, ati mwanamume na sindano! Kwanza, mafundi wengi wa mjini humu ni wanaume. Pili, Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Wakanyamaza.

Nilikata viraka vya inchi 6 kila upande, 9 kwa upana na 12 kwa urefu, jumla 108. Nikashona mistari, nikaanza kuunganisha mmoja na mwingine. Wallahi, pembe hazikukutana. Mshono wa juu uko hapa, wa chini uko kule. Nikavuta kitambaa kwa nguvu ili zikutane, kikapanda katikati kama kichuguu.

Nikamwambia mama, "Si kitu, nyanya haoni vizuri siku hizi. Nani atajua?"

Mama hakuinua macho. "Ana vidole," akasema, akanipa wembe nifumue.

Nilijaribu kujitetea. Nilikuwa nimesoma habari za Wasiddi wa Karnataka kule India, watu wenye asili ya Afrika, na Waislamu wamo kati yao. Wanawake wao hushona matandiko ya nguo kuukuu yanayoitwa kawandi. Huanzia ukingoni wakaelekea katikati, wakipandisha kiraka juu ya kiraka, wala hawahangaiki na pembe kukutana. Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Hao wamechagua," akasema. "Wewe umekosea."

Basi baada ya tarawehe nikakaa naye kama mtoto wa chuoni na alifu yake. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba kosa unaliona kwenye pembe, lakini pembeni siko lilikozaliwa. Mshono wangu ulitakiwa uwe robo inchi kutoka ukingoni. Mahali pengine nilizidisha kidogo tu, nusu ya nusu ya robo. Sasa piga hesabu. Mshono mmoja unakula kitambaa pande zote mbili, na mstari wa viraka 9 una mishono 8. Ukifika mwisho umepoteza inchi nzima! Mstari wangu uliotakiwa kuwa inchi 50 ulikuwa 49, na jirani yake 50 na nusu. Mistari hiyo itapatanaje?

Mama akapima robo inchi kutoka kwenye sindano, akabandika kipande cha plasta juu ya cherehani kiwe mpaka wangu. Akaniambia nishone viraka vitatu tu, nipige pasi, nipime cha katikati. Kikiwa inchi 5 na nusu kamili, endelea. Kisipokuwa, usiguse vingine. Mara ya nne ndipo nilipopata. Na vile nilivyokata hanamu, bila kufuata uzi wa kitambaa, alivitupa kando maana vinavutika.

Halafu pasi, ile yetu ya makaa. Mstari wa kwanza unalaza mishono yote kulia, wa pili yote kushoto, na unakandamiza bila kuburuta. Ukiweka mistari uso kwa uso, tuta la huku linagota kwenye tuta la kule, na kidole kinakwambia kabla ya jicho. Tuta la juu lielekee kwenye sindano, mashine ilisukume likaze. Mahali penye wasiwasi unapiga bandi kwanza, unafunua, unatazama. Afadhali ufumue mishono mitatu kuliko mia.

Nikiwa nimebakiza mistari miwili, akaja mama mmoja kuuliza mabaki ya kitambaa chake cha kijivu, atie kiraka suruali ya mwanawe magotini. Ndugu yangu, kitambaa hicho kilikuwa tayari viraka vitano ndani ya blanketi langu. Sikuwahi kujiuliza vipande vya gunia ni vya nani! Sura ya Al-Mutaffifin tumeihifadhi madrasa tangu utotoni, lakini mimi niliidhani ni ya wenye mizani sokoni. Nikamwomba radhi, nikaenda dukani kununua kitambaa kama kile. Alisema amesamehe, nikamlipa vilevile. Tangu siku hiyo mama huuliza kila mteja: mabaki utachukua au unayaacha? Wengi huyaacha. Wachache huyachukua, na ni haki yao.

Nilimaliza usiku wa kuamkia Idd. Pembe moja ilikuwa imeponyoka kidogo, nami sikuwa na muda tena.

Nyanya alilipokea kwa mikono miwili, akaomba dua ndefu. Kisha akaanza kulipapasa mshono kwa mshono, polepole, kama anayesoma. Mimi nimekaa kimya, moyo unadunda. Upande wa kichwani kidole kikasimama.

"Hapa palikuponyoka."

"Ndiyo, nyanya."

Akaligeuza, pembe ile ikaenda miguuni, akajifunika.