Tumbo Linapowaka: Mazungumzo ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

   

Hesabu za kikundi amekwisha kuzisoma Mweka Hazina, na historia ameisoma Katibu, kwa hiyo hatutarudia. Kamati ya sherehe ilitutaka tuseme neno moja la afya. Wengine walisema tuzungumzie presha, wengine malaria. Sisi tukaomba tuzungumzie tumbo, na sababu wengi mnaifahamu. Mwenye jambo lenyewe amekaa pale mstari wa pili, ametupa ruhusa, na amecheka aliposikia.

Basi ni hivi. Mwenzetu huyu anauza nyanya. Mnaijua kazi hiyo: alfajiri unapokea matenga kutoka shamba, unabeba, unapanga, mgongo unauma mpaka jioni. Akawa anakunywa diklofenaki kila siku, asubuhi kimoja, jioni kimoja, na mara nyingi tumbo likiwa tupu, maana mama wa sokoni kula kwake ni saa nane mchana. Baada ya miezi, kifua kikaanza kuwaka na tumbo kuchoma usiku. Akawa anatafuna vidonge vya magnesiamu. Vikimtuliza anarudi kazini, na diklofenaki anaendelea nayo.

Na hapa ndipo tunapotaka kusema ukweli mbele ya wageni. Magnesiamu hizo nyingi alizipata kwetu. Mnakumbuka ndani ya sanduku letu la kufuli tatu, pembeni ya vitabu vya hisa, palikuwa na kopo la vidonge. Mtu akiungulia kikaoni anapewa. Tulichanga wenyewe tukanunua, tukaona ni upendo. Hakuna aliyemwuliza, mama, mbona kila wiki wewe tu?

Mwaka 2019, katikati ya msimu, choo chake kikawa cheusi kama lami, kinanata, na harufu yake mbaya sana. Siku tatu hakumwambia mtu. Mambo ya choo ni aibu kuyasema, halafu alidhani ni dagaa na mboga za majani. Siku ya nne alianguka mezani pake, kati ya nyanya. Hospitali wakasema kidonda kimetoboa mshipa na damu inavujia ndani. Aliongezewa chupa tatu za damu. Watoto wa wanakikundi wawili ndio waliokwenda kujitolea damu, na tunawashukuru hadi leo.

Alipopona tulimwomba nesi wa zahanati aje kikaoni atufundishe. Alikuja mara tatu. Sisi ni watu wa darasa la saba, tulimwambia aseme polepole, na tuliyoelewa ndiyo tunayowapa.

Tumbo linatengeneza tindikali ya kusaga chakula, wengine huiita asidi. Ukuta wa tumbo una ute wa kuukinga. Kiungulia ni pale tindikali inapopanda juu kwenye koo la chakula, ambako ute wa namna ile hakuna, ndiyo maana kunawaka. Kidonda ni kitu kingine: ute umeshindwa, na ukuta wa tumbo au wa mwanzo wa utumbo umechimbika. Maumivu yanafanana, lakini kiungulia cha mara moja baada ya pilau ya harusi si sawa na tumbo linalokuamsha usiku wiki nzima.

Sasa, sisi wote tulikuwa tunajua kwamba vidonda vya tumbo huletwa na pilipili na mawazo. Nesi akatukatalia. Pilipili inaweza kukuchoma, mawazo yanaweza kukuzidishia, lakini wanaochimba kidonda hasa ni wawili. Wa kwanza ni mdudu anayeitwa helikobakta pailori, anayeishi kwenye ute wa tumbo. Wengi tunaye toka utotoni na hatuumwi. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliomtambua miaka ya themanini mwanzoni. Wenzao hawakuwaamini, hivyo mwaka 1984 Marshall akanywa wadudu wenyewe kwenye kikombe, akaugua tumbo baada ya siku chache. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. (Mzee wa Mtaa, usicheke, na sisi tulidhani nesi anatutania.) Wa pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao. Hizi zinapunguza ule ute wa kinga. Hata ukichomwa sindano badala ya kumeza, madhara ni yale yale, maana yanapitia kwenye damu.

Kwa hiyo mwenzetu alikuwa anabomoa kwa mkono mmoja na kupaka chokaa kwa mkono mwingine.

Tuje kwenye dawa zenyewe. Magnesiamu na zile za maji za chupa zinapooza tindikali iliyopo tayari. Ni kama kumwagia maji makaa: moshi unatulia, jiko bado ni la moto. Kwa kiungulia cha siku moja ni dawa nzuri, hatuzitukani. Kidonda haziponyi. Omeprazoli ni nyingine kabisa, hiyo inafunga bomba linalotoa tindikali. Lakini haifanyi kazi ya dakika tano, inahitaji siku kadhaa mpaka nguvu yake ikamilike, ndiyo maana mtu anayemeza kimoja leo na kimoja Jumamosi anasema dawa ni feki. Inamezwa asubuhi, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, kwa maji. Usikitafune na usizisage zile punje za ndani, maana zimevalishwa koti zipite tumboni salama. Nusu ya kikundi tulikuwa tunameza usiku baada ya ugali. Wengine tulikuwa tunafungua tukachanganya na uji.

Halafu kuna swali la muda. Kwa kiungulia, dawa hiyo uliyojinunulia isizidi siku 14 bila kuonana na mganga. Kwa kidonda, daktari huandika wiki 4 hadi 8, na lazima umalize hata kama maumivu yamekwisha siku ya sita. Wapo wanaoambiwa waitumie muda mrefu, kwa mfano mtu mwenye ugonjwa wa viungo ambaye hawezi kuacha dawa za maumivu. Huyo asitishike na maneno yetu akaacha. Wasiwasi wetu ni kwa yule anayejinunulia mwaka wa tatu sasa, hajapimwa hata siku moja. Ukiitumia miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 na madini ya magnesiamu mwilini, mifupa ikawa myepesi kuvunjika, na matumbo ya kuhara yakakupata kwa urahisi zaidi. Na ukiiacha ghafla baada ya muda mrefu, tindikali inarudi kwa hasira wiki chache. Wengi hapo husema ugonjwa umerudi, wanaanza upya. Mwombe mganga akupunguzie kidogo kidogo.

Kuna mama alituletea ranitidini, kopo la siku nyingi, amelihifadhi kibandani chini ya bati. Hiyo mwezi Aprili 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe yote sokoni, kwa sababu ilikutwa na uchafu unaoweza kuleta saratani, na uchafu huo huongezeka dawa inavyokaa, hasa kwenye joto. Tulimwambia asiimeze, airudishe zahanati wakaiteketeze.

Kuhusu kupima tumejifunza kwa gharama. Mwanakikundi mwingine alipima choo, akaambiwa hana mdudu. Akafurahi. Miezi miwili bado anaumwa. Kumbe siku anapima alikuwa anaendelea na omeprazoli, na dawa hiyo inamficha mdudu. Inatakiwa uiache wiki 2 kabla ya kipimo, na kama ulikuwa kwenye antibiotiki uache zipite wiki 4. Ila usijiachishe mwenyewe kama umewahi kuvuja damu, uliza kwanza. Na kipimo cha damu cha kutoboa kidole kinaweza kuendelea kusema una mdudu miezi mingi baada ya kupona. Tunao wenzetu waliotibiwa mara tatu kwa sababu ya kipimo hicho.

Akionekana, dozi yake ni mseto: omeprazoli pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, mara nyingi siku 14. Inachefua, mdomo unakuwa mchungu kama umelamba shaba. Ndiyo maana watu huacha siku ya tano na kumpa jirani vilivyobaki. Ukifanya hivyo mdudu anajifunza dawa, na safari ijayo hasikii.

Magnesiamu pia ina ubaya mmoja tusioujua: inashikana na dawa nyingine tumboni zisiingie mwilini. Vidonge vya kuongeza damu, doksisaiklini na siprofloksasini vinaharibiwa hivyo. Weka nafasi ya masaa 2 au zaidi, na muulize mtoa dawa. Kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi zenye dolutegraviri, zimezwe masaa 2 kabla ya magnesiamu au masaa 6 baada yake. Hatuulizi nani anatumia nini. Tunalisema kwa wote ili anayehusika asilazimike kuuliza.

Akina mama wajawazito, kiungulia chenu si nywele za mtoto. Ni tumbo limebanwa na mlango wake umelegea. Kula kidogo kidogo, usilale mara baada ya kula, inua kichwa. Ule udongo wa pemba mnaoutafuna unaweza kuwa na risasi, na unazuia madini ya kuongeza damu. Magadi nayo yana chumvi nyingi, mwenye presha asiyaguse. Mwambieni nesi wa kliniki awape dawa inayofaa.

Na ninyi waume zetu, maumivu ya kifua yanayobana, yakaenda mkono wa kushoto au taya, na jasho jembamba likakutoka, usitafune kidonge ukalala. Huo unaweza kuwa moyo. Hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo kwa choo cheusi, kutapika damu au kitu kama masimbi ya kahawa, chakula kukwama kooni, kukonda bila sababu, au tumbo kukaza ghafla kama ubao. Anayetumia vidonge vya damu choo chake huwa cheusi pia, lakini aseme, asijihukumu mwenyewe.

Sasa la kikundi. Mnakumbuka ugomvi wetu. Kanuni ya mfuko wa jamii ilitaja msiba, uzazi na kulazwa. Kupima haikutaja. Wengine walisema tukilipia vipimo mfuko utakwisha kwa watu wanaojisikia vibaya tu, na wawili walitishia kutoa hisa zao. Hawakuwa na nia mbaya, fedha ni jasho la kila mtu. Lakini tulipiga hesabu ubaoni: tulichotoa kwa kulazwa kwa mwenzetu mmoja kingewapima na kuwapa dozi kamili wanakikundi zaidi ya kumi. Tukapitisha mkopo wa vipimo na dawa usio na riba, unaolipwa kwa miezi mitatu, na risiti lazima. Kila aliyekopa amerudisha, isipokuwa mmoja, naye anajijua na tumekubaliana naye. Wale wawili bado wapo, mmoja wao ndiye aliyepika leo.

Kopo la vidonge tulilitoa sandukuni. Mahali pake pana daftari la namba za simu za madereva wa bajaji wanaokubali kubeba mgonjwa usiku.

Mwenzetu anauza nyanya bado, ila matenga anambebea kijana kwa ujira, na mgongo anatumia parasetamoli kwa kipimo. Diklofenaki haigusi.

Nesi amekuja, atakaa chini ya ule mwembe baada ya chakula. Tuliwaambia kila mmoja aje na dawa zote alizo nazo nyumbani, hata za kwenye karatasi zisizo na jina. Pilau iko tayari, pilipili tumeiweka kwenye bakuli lake, pembeni.