Mali ya Kudumu: Tusile Gari Tukidhani Twala Faida
(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu vijana, wazazi wetu, mama na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia, na wewe pia unayesoma maneno haya nyumbani ukingojea adhana ya Magharibi. Mlipotangaziwa kwamba mada ya leo ni mali ya kudumu katika mizania ya kampuni, baadhi yenu mlicheka. Mmoja aliniambia, "Sheikh, sisi tuna saumu nawe watuletea hesabu?" Kwanza mimi si sheikh, ni mwanafunzi wa uhasibu tu aliyelelewa na madrasa. Pili, hesabu haikuja na Wazungu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni.

Tuanze na kitu rahisi. Friji ni mali ya aina gani? Hilo huwezi kujibu mpaka uniambie liko wapi. Likiwa kwa mwenye duka la vyakula, latunza maziwa na soda, hilo ni mali ya kudumu: amelinunua alitumie miaka kadhaa, si aliuze. Friji lile lile likiwa kwenye duka la vyombo vya umeme lina bei juu yake, hiyo ni bidhaa. Kitu ni kimoja, chuma ni kile kile, kilichotofautiana ni kusudio la mwenyewe.

Mimi darasani chuo kikuu niliposikia hivyo nilitabasamu, maana ustadhi wetu alishatufunza zamani kwa jina jingine. Katika fiqhi, bidhaa ya biashara ni ile uliyoipata kwa nia ya kuifanyia biashara, na hiyo ndiyo hutolewa zaka. Vyombo vya kazi havimo. Chukua duka lenye bidhaa za shilingi 2,400,000 na pesa taslimu 200,000, mwaka umetimia na nisabu imefikiwa. Zaka ni asilimia 2.5 ya 2,600,000, yaani shilingi 65,000. Pikapu ya kubebea mizigo ya 900,000 haiingii, rafu haziingii, friji haliingii. (Mambo ya madeni yana maelezo yake, hayo muulizeni sheikh.)

Lakini hapa watu huteleza upande wa pili. Anayeuza magari ya mitumba husema, "Gari ni kitu kikubwa, hii ni mali ya kudumu," akayaacha nje yote. La, ndugu yangu. Kwake yeye gari ni kama unga kwa mwenye duka. Ukubwa wa kitu si hoja.

Sasa nije kwenye lililonifanya niichague mada hii. Katika ukoo wetu, ndugu watatu walichanga shilingi 500,000 kila mmoja wakanunua matatu ya 1,500,000. Kila jioni dereva alileta hesabu, wakatoa mafuta na matengenezo, kilichobaki wakagawana watatu. Hawakudhulumiana hata shilingi. Mwisho wa mwaka wa tatu mmoja wao akafariki, Allah amrehemu, akaacha mjane na watoto wadogo. Mjane akasema, "Mume wangu alitoa laki tano, nipeni laki tano za mayatima." Ami zangu wakasema gari limechakaa, laki tano zitatoka wapi? Huyu aona anadhulumiwa, na hawa waona wanasingiziwa. Wallahi palikuwa na Idi moja ambayo watu wa nyumba hizo hawakupeana mkono.

Tuwafanyie mizania yao. Tuseme gari lilitarajiwa kufanya kazi miaka 5, kisha liuzwe 300,000. Basi 1,200,000 zitaliwa na barabara, yaani 240,000 kila mwaka, au 20,000 kila mwezi. Huo ndio uchakavu. Baada ya miaka mitatu uchakavu ni 720,000, na thamani ya gari vitabuni ni 780,000. Fungu la marehemu kwenye gari ni 260,000. Mwaona? Zile 240,000 nyingine za fungu lake hazikuibiwa. Zilikuwa zikiingia mfukoni mwake jioni baada ya jioni, zikiitwa faida. Wote watatu walikuwa wakila gari tairi kwa tairi wakidhani wala matunda yake.

Ila na hiyo 260,000 isichukuliwe kama hukumu. Thamani ya vitabuni si bei ya sokoni. Ni ile gharama ya kununulia ambayo bado haijahesabiwa kuwa imetumika, basi. Gari laweza kuuzwa zaidi au chini ya hapo. Kugawa mirathi kunataka mtu anayejua magari alikague na kulitia bei ya siku hiyo. Na jambo jingine: kuandika uchakavu kwenye daftari hakuweki pesa benki. Daftari lakwambia tu kiasi gani si faida; kuziweka kando ni kazi yako.

Kwa kampuni kubwa ni vivyo hivyo, tarakimu ndizo ndefu. Ukishika ripoti ya kampuni unayotaka kununua hisa zake, tafuta maelezo ya mali, mitambo na vifaa. Utaona gharama, uchakavu uliokusanyika, na kilichobaki. Kama mitambo iligharimu milioni 100 na uchakavu umefika milioni 85, jiulize watanunua mipya kwa pesa gani. Ardhi kwa kawaida haichakai, kwa hiyo iangalie mbali na majengo yaliyo juu yake.

Uangalie pia kama kilichoitwa mali ni mali kweli. Kampuni ya simu ya Marekani, WorldCom, ililipa kampuni nyingine kwa kutumia laini zao. Hayo ni matumizi ya kawaida kama kodi ya duka. Wao wakayaandika kuwa mali ya kudumu, ili yasipunguze faida ya mwaka ule. Wakaguzi wa ndani wakiongozwa na mwanamke, Cynthia Cooper, wakagundua. Juni 2002 kampuni ikakiri zaidi ya dola bilioni 3.8, na Julai ikaomba kinga ya kufilisika. Mkuu wake, Bernard Ebbers, alihukumiwa miaka 25 jela mwaka 2005. Ni kitu kile kile cha friji, ila wao walijua.

Ami zangu hawakujua. Mwishowe mzee mmoja wa msikitini aliwakalisha kitako, fundi akaitwa, gari likatiwa bei, na fungu la mayatima likalipwa kidogo kidogo kwa miezi kumi na minne. Gari walilo nalo sasa lina daftari, na kila mwezi, kabla ya kugawana, hutolewa kwanza fedha za uchakavu. Daftari hilo analiandika yule mjane.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.