Nani Anapima Kipara?

Leo nazungumzia nywele, na mwenye kucheka acheke sasa.

Binti amesukwa yeboyebo za kubana mpaka macho yamevutika. Usiku hakulala, asubuhi vipele vimetoka mbele, nywele zinapoanzia. Kwake huo si ugonjwa. Amemeza panadoli, anasubiri zilegee. Daktari wa ngozi akiviona vipele vile anashtuka, kwa sababu mizizi inayovutwa mwaka baada ya mwaka huishia kuwa kovu, na penye kovu hapaoti kitu, upake mafuta ya nyonyo au ya alizeti.

Sasa mwone binti huyo huyo kaamka na kiraka laini juu ya paji, ukubwa wa sarafu. Safari hii anayetulia ni daktari. Kinga ya mwili imezishambulia nywele, ila mizizi ni hai, na kiraka kidogo namna hiyo mara nyingi hujaa chenyewe ndani ya mwaka. Binti yeye hatoki bila kitambaa kichwani, na majirani wameshaanza kutaja wachawi.

Wataalamu wana kipimo chao cha sehemu ya kichwa isiyo na nywele: utosi huchukua asilimia 40, kisogo 24, kila upande 18. Kiraka chake hakifiki hata 2. Nyusi na kope hazihesabiwi kabisa! Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha vidonge vya baricitinib kwa watu wazima wenye upotevu mkali wa aina hii, na majaribio yake yalilenga sehemu tupu isizidi asilimia 20. Lengo zuri, lakini kama hiyo 20 yote iko juu ya paji, mgonjwa atasema amepona?

Simlaumu daktari. Anatazama mizizi, mgonjwa anatazama macho ya watu, na vyote viwili ni vya kweli. Kosa ni kuandika dawa bila kuuliza: unataka nini? Mwingine anataka zirudi kabla ya harusi, mwingine zisiendelee kukatika tu.

Kwa hiyo, ukifika zahanati, vua kitambaa, useme lini ilianza na unatarajia nini. Mtoto mwenye mapunye apelekwe pia, maana yale ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza, ya kupaka peke yake haitoshi. Na kesho ukikaa kwa msusi, akianza kubana, mwambie alegeze.