KUMEZA SALAMA BAADA YA KIHARUSI
Mazungumzo na wakazi wa Kata ya Lemara, Jiji la Arusha

 

Naanza na kosa langu mwenyewe. Marehemu bibi yangu alipopata kiharusi, nilikuwa mwanafunzi niliyerudi nyumbani kwa likizo, nikapewa kazi ya kumlisha. Nilimnywesha uji akiwa amelala chali. Alipokohoa, nilidhani anakataa kula. Kidonge chake cha shinikizo la damu nilikisaga, nikakichanganya humo humo. Baada ya siku chache alishikwa na homa, kifua kikambana. Nilitenda kwa mapenzi, lakini bila maarifa.

Kooni mwetu njia mbili hukaribiana: njia ya hewa iko mbele, na umio upelekao chakula tumboni uko nyuma. Gusa koo lako kwa kidole, kisha umeze mate. Kile kinachopanda ni zoloto, kisanduku cha sauti. Wakati huo pumzi husimama, kifuniko kidogo huziba njia ya hewa, na umio hufunguka. Hatua hiyo ya kooni hutimia kwa takribani sekunde moja. Huongozwa na shina la ubongo, kwa kutumia jozi 5 kati ya jozi 12 za neva za kichwani.

Kiharusi kinapoharibu uongozi huo, uji, maji au mate huweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Kukohoa wakati wa kula, sauti yenye majimaji na chakula kubaki shavuni ni dalili za hatari. Lakini wapo wagonjwa ambao koo limekufa ganzi. Hao hawakohoi kabisa. Kwa hiyo ukimya wa mgonjwa si ushahidi wa usalama.

Ugonjwa huu hauko mbali nasi. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 uligundua kwamba, kwa kila watu 100,000, takribani 109 wilayani Hai na 316 jijini Dar es Salaam hupata kiharusi kila mwaka, baada ya kuzingatia tofauti za umri.

Mgonjwa wa kiharusi apelekwe hospitali mara moja, na asipewe chochote mdomoni, hata maji au kidonge, kabla ya kupimwa. Mtaalamu hutazama kama yu macho na anaweza kukaa wima, hukagua ulimi na midomo, na humwomba akohoe. Kisha humpa maji kidogo kidogo kwa kijiko, akisikiliza sauti na pumzi yake. Penye shaka, vipo vipimo vya picha za eksirei zinazoonyesha tonge likipita, au kamera nyembamba ipitishwayo puani. Ndugu wana haki ya kuuliza: “Je, mgonjwa wetu amepimwa kumeza?”

Sasa nije kwenye dawa. Si kila kidonge husagwa, wala si kila kapsuli hufunguliwa. Nifedipini iliyotengenezwa kutoa dawa taratibu, ikisagwa, humwaga dozi ya saa nyingi kwa mara moja. Shinikizo la damu laweza kushuka hadi kuhatarisha maisha. Herufi kama SR, XR au MR, au neno “retard” kwenye kasha, ni onyo. Hata zisipokuwepo, muulize mfamasia au daktari kwanza. Huenda ipo dawa ya maji, au nyingine ifaayo. Dawa ikileta madhara, toeni taarifa kituo cha afya au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Mgonjwa akisharuhusiwa kula, fuateni uzito wa chakula mlioelekezwa, uwe ni mtori au uji. Akae wima, alishwe kijiko kidogo kidogo, na ameze kwanza kabla ya kijiko kingine. Baada ya kula abaki ameketi kwa nusu saa, kinywa kikisafishwa. Akikohoa, simamisheni, msimlazimishe.

Bibi yangu hakuwa mkaidi. Alikuwa akijitetea kwa kikohozi, nami sikumwelewa. Nawaomba ninyi muwaelewe wagonjwa wenu.