Damu ya Mzazi: Kupima na Kutibu Upungufu wa Madini ya Chuma Baada ya Kujifungua



Mzazi akilalamika kwamba anachoka, kizunguzungu hakimwachi na moyo unamwenda mbio kwa kazi ndogo tu, mara nyingi huambiwa kuwa huo ni uchovu wa uzazi, arobaini ikifika utakwisha. Jibu hilo hututoka hata sisi wakunga tuliosomea kazi hii, na linawaumiza wanawake.

Tuangalie hesabu ya chuma kinachopotea wakati wa kujifungua. Mwanamke mwenye himoglobini ya gramu 12 kwa desilita akipoteza nusu lita ya damu, amepoteza takribani miligramu 200 za chuma. Kidonge cha kawaida cha kuongeza damu kina miligramu 60 hivi za chuma, na utumbo hunyonya sehemu ndogo tu. Vidonge vya wiki moja haviwezi kulifidia pengo hilo, sembuse kwa aliyeingia leba damu yake ikiwa chini tangu mimba. Tena damu inayomwagika tunaikadiria kwa macho, na macho huona pungufu. Nyumbani nako wapo wanaoamini kuwa hiyo ni damu chafu, heri itoke yote.

Mzazi akipimwa saa 24 hadi 48 baada ya kujifungua na kukutwa na himoglobini chini ya gramu 10, aanze tiba. Vidonge vinafaa kwa walio wengi, na vinapaswa kuendelea kama miezi mitatu, hata akijisikia nafuu mapema. Avinywe kwa maji au juisi ya machungwa. Chai asinywe pamoja na dawa, kwani huzuia chuma kunyonywa. Na ndiyo ya kwanza tunayomkaribishia mzazi! Aambiwe mapema kwamba choo kitakuwa cheusi, la sivyo ataacha dawa akiogopa. Tumbo likimsumbua, avinywe baada ya chakula, au siku moja anywe, siku moja apumzike. Avifungie mbali na watoto, maana vidonge hivi vikimezwa vingi huua. Mtori, maini na dagaa vina msaada, ila havitoshi kuwa tiba.

Baada ya wiki nne apimwe tena. Kama damu haijapanda walau gramu moja, tusimlaumu haraka kwamba hanywi dawa; tutafute malaria, safura, selimundu, au damu inayoendelea kutoka. Asiyestahimili vidonge, au mwenye upungufu mkubwa, anaweza kupewa chuma kwa mshipa, penye dawa na mtu wa kumwokoa mwili ukikataa. Kuongezewa damu kubaki kwa anayevuja sana au aliyezidiwa, kwa kuwa damu ya kuongezea ni haba.

Ninachowaomba ni kimoja: mzazi asitoke wodini kabla damu yake haijapimwa na kiwango chake kuandikwa kwenye kadi. Akirudi na mtoto kwa chanjo, tumuulize na yeye anaendeleaje, kisha tumpime.