Presha Haipigi Hodi



Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, nao hauna likizo. Mishipa ikikakamaa, moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi, na mwenye mwili hasikii kitu. Mwenzangu wa bweni moja, hodari wa mpira, aliangushwa na kiharusi akiwa hajalalamika hata kichwa kuuma.

Kipimo kikirudia kufika 140/90, muone daktari. Chumvi yote ya kutwa isizidi kijiko kimoja cha chai. Sigara tuiache, na tutembee kwa miguu.

Mashine ya kupimia ipo pale mezani. Wazee tutangulie, vijana wataona.