Gari Moja, Kazi Mbili: Kuliandaa Gari la Kila Siku kwa Siku ya Mbio
(Hotuba kwa madereva, mafundi wa gereji na viongozi wa vijiji vya Wanale, Mbale)



Baadhi yenu mlitarajia kwamba askari wa usalama barabarani wangekuja kuwakataza kupenda mbio. Hatukuja kwa hilo. Mapenzi ya mbio ni ya zamani katika nchi zetu. Mwaka 1953, mashindano ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally yalipoanzishwa, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaliyoshindana yalikuwa ya kawaida, kama yalivyotoka dukani, yakipangwa katika makundi kwa kufuata bei yake. Kwa hiyo kijana wa Mbale anayelitumia gari lake kupeleka watoto shuleni siku ya Ijumaa, na Jumapili akalipeleka uwanjani kushindana na saa, hajazua jambo jipya. Uganda tuna Busiika na Garuga. Kenya kuna KiambuRing, ambako magari ya barabarani hukimbia kwa kupimwa muda. Hayo yote hufanyika mahali palipofungwa, chini ya waamuzi, na gari la wagonjwa likisubiri kando.

Linalotuleta hapa ni safari ya kwenda na ya kurudi. Gari la mashindano halisi hubebwa juu ya lori. La kwenu huendeshwa. Asubuhi linashuka Wanale likiwapita watoto na akina mama wenye ndizi kichwani, mchana linakimbia hadi breki zinanuka, na jioni linapanda njia ile ile likiwa limechoka. Basi, maandalizi tunayoyazungumzia ni yale yanayoliwezesha kufanya kazi zote mbili.

Tuanze na breki, na tuzikalie kwa muda, kwa maana vijana wengi huanza na moshi na mngurumo. Wanaokaa juu ya mlima huu wana mtihani mkubwa kuliko wa uwanjani. Mji wa Mbale uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa Wanale unazidi mita 2,000. Chukueni gari la kilo 1,300 likishuka mita 900. Kama dereva atategemea breki peke yake, joto litakalomiminika katika diski na pedi ni sawa na kulisimamisha gari hilo kutoka kasi ya kilomita 100 kwa saa zaidi ya mara 20. Ndiyo sababu wazee wa mlima huu hushuka kwa gia ndogo na kuiacha injini ilizuie gari. Wao hawakuhitaji hesabu. Sisi tumeifanya kwa ajili ya wale wanaopenda ushahidi.

Joto hilo hufika kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa taratibu, hata kifuniko kikiwa kimefungwa, na mvua za Elgon mnazijua. Mafuta mapya ya DOT 4 hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, gari haliitikii. Kwa hiyo kabla ya siku ya mbio, mafuta yote yabadilishwe, si kuongezwa, na hewa itolewe katika magurudumu yote manne. Kazi hii ni ya gharama ndogo kuliko bomba jipya la moshi, na inashangaza jinsi inavyosahauliwa.

Kuhusu pedi, tunatoa tahadhari ambayo wauzaji hawaitoi. Pedi za mashindano makali hushika vizuri zikiwa zimepata moto sana. Zikiwa baridi, asubuhi, mtoto anapokatiza njia, hushika vibaya kuliko pedi za kawaida. Anayezitaka na azifunge uwanjani na kuzivua kabla ya kurudi; asiyeweza hilo, atumie pedi nzuri za barabarani na apunguze mizunguko. Tena, mkitoka kukimbia, zungukeni mara moja polepole ili diski zipoe, kisha msivute breki ya mkono: tieni gia na muweke jiwe chini ya tairi.

Tairi zina umri wake ulioandikwa ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi kuukuu huweza kuwa na meno marefu na bado mpira wake ukawa mgumu kama kwato. Herufi ya mwisho ya kipimo ndiyo mipaka ya kasi: S ni kilomita 180, T ni 190, H ni 210. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari, na zikaguliwe tena baada ya mzunguko wa kwanza. Kusimama juu ya spana na kurukaruka si kipimo.

Injini hatutaisema sana, mafundi mpo. Itoshe kwamba kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja, hivyo iwe karibu na alama ya juu bila kuipita. Na kwamba huku juu, kwenye mita 2,000, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, wala si 100. Kinachoyazuia yasichemke ni shinikizo linalotunzwa na kifuniko cha rejeta. Mpira wa kifuniko ukilegea, rejeta mpya haitakusaidia.

Ndani ya gari, toeni kila kisichofungwa: jeki, chupa, spika za muziki, tairi la akiba. Lakini vyote virudi kabla ya kuingia barabarani. Wapo wanaong'oa viti vya nyuma na mikanda ili kupunguza uzito, kisha Jumatatu wanapakia wanafunzi sakafuni. Hilo tukilikuta, gari haliendelei na safari.

Sasa neno kwa jamii za mpakani. Wamasaba na Wabukusu ni ndugu, na vipuri huvuka Lwakhakha na Malaba kama harusi zinavyovuka. Hatuna ugomvi na biashara halali. Ila injini ina namba, na namba hiyo imo katika kitabu cha usajili. Ukinunua injini yenye nguvu zaidi bila hati, huenda unanunua mali ya mtu aliyeibiwa. Na hata kama ni safi, gari lako halitalingana tena na kitabu chake hadi ulisajili upya. Dai risiti yenye jina na namba kabla fundi hajafungua boti la kwanza. Kwa wageni kutoka Kenya, mje na hati za muda za gari na Kadi ya Njano ya COMESA. Someni pia mkataba wa bima: bima nyingi za kawaida hazilipi hasara iliyotokea katika mbio, hata uwanjani.

Na jambo la mwisho ni barabara yetu ya Wanale. Kona zake zinavutia, tunalijua hilo. Hata hivyo, haijafungwa, haina waamuzi, na kwenye kila kona kuna nyumba ya mtu. Katika miaka ya shufwa, tangu Agosti, watahiriwa wa imbalu na wanaowasindikiza hucheza njiani mchana kutwa. Wenyeviti wa LC1, mkisikia mipango ya kukimbizana usiku, tuiteni mapema, tuje kuzungumza kabla hatujaja kupima alama za tairi. Vilabu vinavyotaka njia ifungwe kihalali vipitie Shirikisho la michezo ya magari, FMU, na ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya. Ombi kama hilo tutalipokea.

Gari letu la doria lipo nje, chini ya mti, boneti li wazi. Mwenzetu ana kifaa cha kupima maji katika mafuta ya breki. Mafundi, tangulieni, kisha wenye magari mje mmoja mmoja, na lenu lipimwe.